Kamati ya Kufilisika kwa Bwana Gaudensi

Nchi hii ina jina zuri sana, ila hatutalitaja. Serikali ililiweka rehani pale ilipokopa fedha za kujengea makao makuu ya Wizara ya Madeni, na masharti ya mkopo yanakataza wananchi kulitumia mpaka deni liishe. Kwa hiyo wenyewe husema tu "hapa kwetu", wageni husema "kule kwenu", na barua zinafika vizuri, zile chache zinazofika.

Hapa kwetu, mtaa wa Mabanda ya Juu, aliishi fundi seremala mmoja aitwaye Gaudensi Lwambo. Alikuwa mtu mpole wa makamo, mwenye nyumba ndogo ya matofali na karakana ya bati nyuma yake, na alikuwa amechoka. Kazi haikumchosha. Randa angepiga kutwa nzima bila kulalamika. Kilichomchosha ni kudaiwa.

Na deni lenyewe wala hakulila. Hakuwa mlevi, hakuwa na kimada, hata bahati nasibu alikuwa hachezi. Gaudensi alichangia tu. Hapa kwetu hakuna jambo linalofanyika bila kamati. Mtu akioa, kamati. Akibatiza, kamati. Mtoto akimaliza chekechea, kamati, na joho la kukodi. Yupo bwana mmoja aliyeundiwa kamati ya kuipokea injini mpya ya pikipiki yake, na watu walikuja wamevaa sare. Kila kamati hutoa kadi, kila kadi ina mstari wa ahadi, na anayeileta husimama mlangoni akitabasamu mpaka mstari ujazwe. Gaudensi hakuwa na moyo wa kumtazama mtu anayetabasamu namna ile kisha akamrudisha mikono mitupu. Aliahidi. Siku ya kulipa ikifika, alikopa.

Mwaka uliopita ikawa zamu yake. Binti yake Anjela aliolewa, kamati ikaketi, na wote aliowahi kuwachangia wakaja kumwahidi kwa furaha kubwa. Waliahidi, wakala, wakacheza, wakaondoka na maua ya mezani. Ahadi zenyewe wakaziacha pale pale ukumbini. Gharama akazibeba Gaudensi kwa kuiweka nyumba rehani benki, riba ya benki akawa anailipa kwa mikopo ya simu, na mikopo ya simu akawa anailipa kwa mikopo mingine ya simu.

Hizo kampuni za simu zina adabu zake. Hazikutukani. Hutuma ujumbe kwa kila jina lililomo kwenye simu yako: "Habari. Ndugu yenu GAUDENSI LWAMBO ni mdaiwa sugu. Mkumbusheni kwa upendo." Ujumbe ulimfikia paroko, ukamfikia mama mkwe, ukamfikia na fundi bomba aliyewahi kumpigia mara moja tu, mwaka wa mafuriko. Mama mkwe alijibu kwa kumpa pole, kisha akaulizia hela ya mbolea.

Mwishowe akaja dalali wa benki, Bwana Kanyau, mtu msafi mwenye futikamba mfukoni. Akapima vyumba, akagonga ukuta kuyasikiliza matofali, akaisifia dari. Akasema nyumba itanadiwa mwisho wa mwezi, isipokuwa kama mwenye nyumba ni mufilisi anayetambulika kisheria, maana nyumba anayoishi mufilisi haiguswi.

"Sasa mimi si mufilisi?" Gaudensi akauliza.

"Wewe huna hela tu, mzee wangu," Kanyau akamjibu kwa upole. "Kufilisika kuna utaratibu wake."

*

Utaratibu ulikuwa ghorofa ya juu kabisa ya Wizara ya Madeni, Heshima ya Taifa na Sherehe. Lifti ilikuwa imefungwa na yule aliyeiuza, mpaka alipwe. Gaudensi alipanda ngazi na kufika akihema, na afisa ufilisi wa zamu, Bi. Hulda, akaandika kuhema huko kuwa dalili ya kwanza.

"Karibu, mzee. Umekuja kufilisika au kuulizia tu?"

"Kuulizia kwanza, mama. Nataka kujua kama inanifaa."

Bi. Hulda alifurahi. Alisema wengi huja kwa pupa, wanataka kufilisika leo leo, hawajajiuliza wala hawajapima. Akamvutia kiti, akamweleza kama anayemweleza mtu faida za kusomea ualimu.

"Faida ni kwamba madeni yote yanafutwa. La benki, la duka la mbao, hata hayo ya simu. Nyumba inabaki, vyombo vya kazi vinabaki. Na simu haitalia tena."

Aliposikia habari ya simu, Gaudensi alitazama dirishani muda kidogo ili asitokwe na machozi mbele ya mwanamke mgeni.

"Na hasara yake?"

"Hasara yake ni kubwa. Unafutwa kwenye orodha ya wachangiaji. Hakuna anayeruhusiwa kukuletea kadi. Hutachanga, wala hutachangiwa. Ukiwa na harusi, ni yako. Ukiwa na msiba, ni wako."

Gaudensi akamwomba arudie pale pa kadi. Akarudia. Gaudensi alijitahidi kuonyesha uso wa huzuni, kwa sababu ndivyo ilivyoelekea kutarajiwa, lakini moyoni alijiona mtu aliyeletewa zawadi na kuambiwa ni adhabu.

"Basi naomba nifilisike, mama."

"Vizuri. Kamati yako ina watu gani?"

"Kamati?"

Bi. Hulda akaweka kalamu chini. Zamani, alimweleza, watu walikuwa wanafilisika kimyakimya, chumbani, hata mke hajui. Wizara ikaona jambo hilo linashusha heshima ya taifa. Siku hizi kunafanyika hafla: ukumbi, risala, chakula, picha ya pamoja, na mgeni rasmi wa ngazi ya waziri. Mgeni rasmi anakutangaza, unapewa cheti, unaanza maisha mapya.

"Na hela ya ukumbi," Gaudensi akauliza taratibu, "mtu aliyefilisika anaitoa wapi?"

Bi. Hulda akamtazama kwa huruma ya kweli. "Anachangiwa, mzee. Kwani wewe si wa hapa kwetu?"

*

Mkewe, Skolastika, alimsikiliza huku akichambua mchele kwenye ungo. Alisikiliza habari ya nyumba, akasikiliza habari ya simu, na alipofika kwenye habari ya kadi vidole vyake vikasimama.

"Kwa hiyo tunafutiwa kila kitu."

"Kila kitu, Mama Anjela."

"Na hakuna atakayekuja."

"Kuja wapi?"

"Nikifa." Alisema bila ukali, kama anayeulizia bei. "Mimi nimepika kwenye misiba ya mtaa huu tangu nikiwa na Anjela mgongoni. Nimekata vitunguu vya watu nisiowajua hata majina. Nimetandika mikeka, nimekesha, nimeimba mpaka sauti ikakauka. Siku yangu ikifika utachimba kaburi peke yako, wewe na cheti chako?"

"Na tukikosa nyumba, jeneza litatokea wapi? Kwa Kanyau?"

Skolastika alicheka bila kupenda, na kicheko kikageuka katikati ya safari kikawa kilio. Gaudensi akaketi sakafuni karibu naye. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila siku ile yalimtoka.

"Nimechoka, Mama Anjela. Nikiona simu inawaka natetemeka. Juzi Anjela kapiga kutusalimia, nikaichukia sauti yake kabla sijajua ni yeye. Mwanangu mwenyewe! Nikajisikia vibaya siku nzima. Mimi kuzikwa na watu wawili naweza. Kuishi hivi siwezi tena."

Mke akafuta uso kwa upande wa khanga. Aliuzungusha ungo mara moja, akapuliza pumba, akatoa punje moja nyeusi na kuitupa uani.

"Haya," akasema. "Tufilisike. Lakini usinidanganye kwamba haitauma."

*

Mtaa ulipokea habari kwa shangwe, kwa maana wiki mbili nzima zilikuwa zimepita bila shughuli yoyote na watu walianza kuwa wakali. Mwenyekiti alichaguliwa Mzee Tindwa, mstaafu wa reli, jirani waliyepakana ukuta kwa ukuta na Gaudensi. Mzee Tindwa alikuwa mwenyekiti wa kila kitu. Alikuwa na koti la uenyekiti, na alijua kusema "ajenda" kwa namna iliyowafanya watu wakae wima.

Kikao cha kwanza kilifunguliwa kwa sala na soda. Soda zikamaliza michango ya kwanza. Kikao cha pili kilijadili sare: akina mama walitaka zambarau, akina baba wakashikilia rangi ya majivu, kwamba ndiyo inayoendana na tukio. Wakakubaliana zote mbili. Ikaundwa kamati ndogo ya mapambo, na kamati ndogo ya usafiri ya kuwatoa watu Mabanda ya Juu hadi ukumbini, ambao ulikuwa ng'ambo ya barabara. Keki ikaagizwa yenye umbo la pochi iliyofunguliwa, ndani hamna kitu. Mshereheshaji, aitwaye Baruti, alitaka malipo ya awali na nyongeza juu yake.

"Kuchekesha maharusi ni kazi moja," alifafanua. "Kuchekesha aliyefilisika ni kazi mbili. Lazima kwanza nimnyanyue."

Gaudensi alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango. Akanyoosha mkono. Akauliza kwa unyenyekevu kama hela ya keki, na ya sare, na ya Baruti, isingeweza pengine kupelekwa benki moja kwa moja ikapunguza deni.

Watu wakatazama viatu vyao, kama vile mtu ametoa neno chafu mbele ya watoto.

"Bwana Gaudensi," Mzee Tindwa akasema, bila hasira, "hiyo ni kamati nyingine."

Zikafuata ahadi. Mzee Tindwa akasimama, akafunga vifungo vya koti, akatamka, "Niandikieni milioni moja." Kikao kizima kikalipuka kwa makofi, na baada ya hapo nani angesimama kutaja elfu kumi? Mwuza mkaa aliahidi laki nne. Paroko aliahidi laki tano na maombi. Bwana Kanyau, aliyekuwa amepita tu kuhakiki vipimo vya uwanja, alishikwa na hamasa naye akaahidi. Fedha taslimu zilizofika kwa mweka hazina zilitosha malipo ya awali ya ukumbi, kuku, na Baruti.

Skolastika alishonewa gauni la zambarau. Alipolijaribu mbele ya kioo, alisema ndilo gauni zuri kuliko yote aliyowahi kuvaa, na kwamba anatamani kulichana.

*

Mheshimiwa Waziri alichelewa kwa muda unaolingana na cheo chake. Alipoingia watu walisimama, wakakaa, wakasimama tena kwa sababu aliyeingia kwanza alikuwa mlinzi wake. Mzee Tindwa akasoma risala ndefu juu ya historia ya umaskini wa Bwana Gaudensi tangu utotoni, ikimshukuru Mheshimiwa kwa kuwezesha mazingira. Gaudensi alikuwa meza kuu, ndani ya suti ya kukodi iliyombana makwapani, mbele yake chupa ya maji ambayo hakuthubutu kuifungua. Alikuwa akingoja jambo moja tu, kutangazwa, arudi nyumbani alale.

"Itifaki imezingatiwa," Waziri akaanza. "Ndugu wananchi, nimefarijika. Nimezunguka nchi nzima, sijapata kuona umaskini uliopangwa vizuri namna hii."

Makofi.

"Wapo wabaya wanaosema nchi yetu imefilisika. Waongo hao! Nchi haiwezi kufilisika ikiwa ina ahadi. Wahisani wametuahidi sisi. Sisi tumewaahidi ninyi. Ninyi mmeahidiana wenyewe kwa wenyewe. Huo, ndugu zangu, ndio mzunguko wa uchumi, na mimi nikiuangalia nausikia unavuma."

Makofi tena, na kigelegele kimoja kilichowahi kabla ya wakati. Waziri akatoa leso, akajifuta paji la uso, akamwangalia Gaudensi kwa macho yaliyolowa. Alisema ameguswa. Alisema yeye binafsi na familia yake wanaahidi milioni tano, na kwamba wizara yake italiangalia suala hili kwa jicho la pekee. Baruti hakuiacha nafasi hiyo ipite. Akapandisha muziki, akawaita watu kwa meza, na meza zikaanza kushindana. Meza ya benki iliahidi. Meza ya duka la mbao, lililomdai Gaudensi, iliahidi kuzidi meza ya benki. Watu walinyanyuka wakicheza, wakataja kiasi kwenye kipaza sauti, wakarudi kukaa wakipepewa.

Pembeni, chini ya mapambo ya majivu na zambarau, Bi. Hulda alikuwa akijumlisha. Alijumlisha, akarudia, kisha akaenda kumnong'oneza Waziri. Waziri akamsikiliza. Uso ukamng'aa.

"Zimeni muziki! Ndugu wananchi, nina habari njema. Kwa mujibu wa sheria, ahadi iliyotolewa mbele ya mgeni rasmi ni mali. Ndiyo sheria hiyo hiyo tunayotengenezea bajeti ya taifa. Sasa, mali ya ahadi ya ndugu yetu hapa imeyapita madeni yake yote. Imeyapita mbali! Bwana Gaudensi hafilisiki tena. Natangaza rasmi kwamba ni mtu mwenye uwezo!"

Ukumbi ukarindima. Akina mama wakampandisha Skolastika kitini na kumzungusha, naye akishika meza asianguke. Gaudensi alisimama. Akamfikia Waziri sikioni.

"Mheshimiwa, samahani. Hizo ahadi hazijalipwa."

Waziri akamshika bega kwa upendo. "Ndiyo maana bado ni nyingi, mzee wangu. Zikishalipwa zinakwisha."

Akakabidhiwa cheti cha uwezo chenye nembo ya taifa, jina la taifa likiwa limefunikwa kwa karatasi. Wakapiga picha ya pamoja. Keki ikakatwa, na walioipata walisema ilikuwa tamu. Wakati watu wakitoka, mwenye ukumbi alimsogelea Gaudensi, akampa hongera, na hesabu ya kiasi kilichobaki. Kwa mtu mwenye uwezo, alisema, hakuona sababu ya kuisumbua kamati.

*

Nyumba ya mufilisi haiguswi. Nyumba ya mtu mwenye uwezo inaguswa vizuri tu. Bwana Kanyau alifika mapema mwisho wa mwezi na vijana wake, akaomba radhi kwa mguu wake kuwa na tope, na kazi ikaanza. Vyombo vikatolewa uchochoroni: kabati, meza, vitanda, godoro ambalo mtu hapendi majirani walione. Skolastika hakulia. Alikwenda karakanani kufagia maranda apate pa kutandika, na kila alipofagia hakumwangalia mtu usoni. Vyombo vya kazi Kanyau alisema angevijia wiki itakayofuata, akipata gari kubwa.

Gaudensi alikaa kwenye kochi lake katikati ya uchochoro, mikono mapajani. Watu waliopita walimsalimia kwa heshima mpya, maana redio ilikuwa imemtaja. Kijana mmoja alimwomba ajira.

Ndipo akatokea Mzee Tindwa. Alikuwa amevaa koti la uenyekiti na mkononi ameshika kadi.

"Habari za asubuhi, jirani. Pole na shughuli."

"Nimeshapoa, mzee mwenzangu."

"Jirani, nimeona nianze na wewe." Akamnyooshea kadi na kalamu. "Na mimi nimeamua nifilisike. Pensheni nimeiweka rehani, nyumba nayo ndiyo hivyo. Kamati imeshakaa kikao kimoja. Kwa uwezo wako nimekuwekea mstari wa juu kabisa, usinishushe." Akasimama pale, akatabasamu.

Gaudensi akapokea kalamu. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kwenda wenyewe kwenye mstari, kama ulivyokwenda miaka yote. Nyuma yake kitu kilianguka ndani ya nyumba tupu, na mwangwi wake ulikuwa mkubwa. Mkono ukasimama.

"Sina," akasema.

Mzee Tindwa akaendelea kutabasamu, akingoja sentensi iishe.

"Sina, jirani. Leo sina, na mwezi ujao sitakuwa nayo. Usiniandike chochote. Sina tu."

Alingoja aibu impige. Alikuwa akiiogopa aibu hiyo tangu ujana, na aliikopea mamilioni ili isimfikie. Haikuja. Kilichokuja ni usingizi mzito, mzuri, wa mtu aliyetua mzigo. Na mbele yake tabasamu la Mzee Tindwa likaanza kushuka pole pole, mpaka pakabaki uso wa mzee mmoja aliyechoka sana, ambao mtaa mzima haukuwahi kuuona. Akafungua vifungo vya koti, akaketi kwenye kochi.

"Hata mimi sina," akasema. "Ile milioni sikuwa nayo hata siku ile nilipoitaja."

"Najua."

"Ulijua?"

"Mzee Tindwa, tunatumia ukuta mmoja. Simu yako naisikia inavyolia."

Mzee Tindwa akaitazama kadi yake, akaikunja, akawa anajipepea nayo. Vijana wawili wa Kanyau wakaja, wakasimama mbele yao wakisitasita.

"Wazee wetu, shikamooni. Samahanini, hili kochi nalo limo kwenye orodha."

"Marahaba, wanangu," Gaudensi akasema. "Tupeni kidogo tupumzike. Tumechoka."

Vijana wakatazamana. Mshahara wao Kanyau alikuwa akiwaahidi tangu msimu wa mvua. Mmoja akajifuta jasho, akamvuta mwenzake mkono, na wazee wakasogea. Wakakaa wote wanne kwenye kochi la watu watatu, na hakuna aliyemwahidi mwenzake chochote.